Matanga ya Kapteni Tellan

Louisville, 15 Novemba 2015

Ndugu yangu Eliezer,

Kabla ya salamu, naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Mama hajui, na hata Mungu nimemtajia kwa mafumbo tu. Marehemu ambaye kanisa letu zima limekuja kumlilia nyumbani kwetu wiki hii hakuwahi kuzaliwa. Ni mtu wa kwenye televisheni.

Sasa salamu. Sisi hatujambo. Mama bado yuko kwenye ghala lile karibu na uwanja wa ndege, zamu ya jioni, na miguu yake inavimba kama kawaida. Koko alipiga simu kutoka Columbus kuuliza kama mjukuu wake anakula. Ninakula. Mwalimu wa kemia amenipa alama nzuri na akaniomba niseme darasani nilivyopata jibu, nikasema nina mafua. Mwambie Mama yako namwamkia. Hii barua ni ya karatasi kwa sababu unaijua simu ya kwetu: inawekwa spika, nyumba nzima inachangia, na mimi nikisikia sauti yangu mwenyewe nanyamaza.

Haya. Jumapili iliyopita kulikuwa na kile kipindi cha *Feri ya Orioni* tulichokuwa tunakisubiri tangu kiangazi. Najua kwenu hamna chaneli ile, unasubiri diski ije maktaba, kwa hiyo nimeapa sitakutajia aliyekufa. Nitakueleza ya kwangu tu.

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda harusini. Nilifunga mapazia ili taa za maegesho zisiguse kioo. Makochi yote niliyasukuma ukutani, nikatandika mkeka katikati, nikakaa chini karibu kabisa na televisheni. Kichwani nilijifunga kitenge cha Mama, kwa sababu mabaharia wa feri ile ya angani hufunga vitambaa na mimi nina miaka kumi na sita na sina aibu nikiwa peke yangu. Kisha yule mtu akafa. Nikalia, Eliezer. Sikulia kama watu wanaolilia sinema. Nililia kwa sauti, nikipiga mkeka kwa kiganja.

Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Mama Rakeli, yule wa kwaya, alikuwa amekuja kurudisha sufuria. Hebu fikiria alichokiona: giza, makochi yamesogezwa, mkeka chini, msichana amejifunga kitenge anaomboleza. Na mimi, niliposikia mlango, nilizima televisheni haraka. Kwa heshima ya marehemu! Ushahidi pekee niliokuwa nao niliuzima kwa mkono wangu mwenyewe.

"Ee Mungu," akasema. "Mutoto wangu, ni nani?"

Nikamjibu kwa kutaja cheo cha marehemu. (Wote mle ndani wana vyeo, kwa hiyo bado sijakwambia kitu.)

"Bon," akasema polepole. "Bon. Usiseme tena."

Akavua viatu, akakaa chini. Unawajua watu wetu. Wakisikia marehemu alikuwa na cheo, hawaulizi alikuwa jeshi la nani. Aliyetoka tulikotoka sisi haulizi swali hilo mbele ya watu. Anakaa tu. Akiwa amekaa hivyo akatoa simu, na haukupita muda chumba kikajaa: akina mama wenye vitenge, chupa za chai, sombe, fufu, maandazi. Nilifungua mdomo mara nyingi niseme ukweli. Kila nilipoufungua, mtu aliweka kijiko.

Halafu Mama alirudi kutoka kazini. Wakaimba. Mkono umechoka.

Dada yako mkubwa (ndiyo, hata kwa miezi michache ni mkubwa),
Nsimire

*

Louisville, 16 Novemba 2015
(Hii sikuituma.)

Eliezer,

Jana niliruka mahali. Mkono haukuwa umechoka.

Mama alipofungua mlango aliwakuta wamekaa chini, kimya, makochi ukutani. Kwetu hakuna anayeambiwa msiba akiwa peke yake. Watu hukusanyika kwanza, wanakaa, ndipo mwenye msiba anaingia. Mama akadhani wamekusanyika kwa ajili yake. Hakuuliza ni nani. Aliangusha mfuko wake wa chakula palepale mlangoni akasema, "Mumeshajua. Nani amewaambia habari ya Cikuru?"

Cikuru ni kaka yake. Cikuru ni baba yako.

Wanawake wakampokea wakamkalisha. Wakadhani basi, kumbe yule mwenye cheo ni Cikuru, masikini, alikuwa askari na dada yake hakupenda isemwe. Mjomba aliyekuwa fundi cherehani! Na Mama akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia, kwa sababu hakuwahi kukilia. Walipoondoka ndipo akaniambia. Mjomba aliugua, akafariki Uvira mwaka jana, mvua zilipoanza. Mama yako anajua. Koko ndiye aliyekata shauri kwamba wewe usiambiwe mpaka umalize shule, usije ukaacha masomo kwa huzuni. Mama ameukalia msiba huo mwaka mzima huku akipanga maboksi.

Mimi nimemlilia mtu wa kuigiza, na kwa machozi hayo ya kipuuzi nimefungua mlango huu.

Naikunja barua hii naiweka. Karatasi haina mikono ya kukushika.

*

Cheektowaga, 6 Desemba 2015

Dada mkubwa Nsimire,

Nakuamkia kwa magoti yote mawili, ee mfiwa. Poleni sana kwa msiba.

Nimecheka mpaka dada yangu Précieuse akaja kuangalia kama nimepaliwa. Hatujambo. Theluji imeanza, nayo haina adabu, inaingia mpaka kwenye soksi. Tangu tuhamie huku kutoka Buffalo mjini nyumba ni kubwa zaidi lakini bila gari huendi popote. Mama anawatunza wazee watatu sasa, mmoja anamwita kwa jina la mbwa wake aliyekufa, na Mama anaitika. Ndege zinapita juu ya paa letu zikishuka. Nimezizoea. Nikisikia moja natazama juu tu, basi.

Usiniambie nani amekufa! Nimejaza jina langu maktaba, niko wa pili kwenye foleni. Niambie kitu kimoja tu: mwili ulionyeshwa? Unaijua kanuni. Katika hadithi za anga, mtu ambaye mwili wake haukuonyeshwa hajafa. Anarudi baadaye akiwa na ndevu.

Vipindi vya zamani nimevikusanya vyote. Baba akifika nimepanga aanze na kile cha kwanza kabisa, kwa sababu ukianzia katikati huelewi kwa nini feri haina dirisha upande wa kushoto. Mama anasema karatasi zake bado ziko ofisini. Nikimwuliza ofisi gani, anakumbuka sufuria iko motoni.

Halafu umeruka kitu. Shangazi alirudi, "wakaimba". Yule shangazi yangu, aliyewahi kukuchapa kwa kulilia katuni, alisema nini alipokuta kanisa zima linakula kwake? Hiyo ndiyo sehemu niliyoilipia stempu.

Wako mdogo kwa miezi michache isiyo na maana,
Eliezer

*

Louisville, 10 Januari 2016

Ndugu yangu Eliezer,

Heri ya mwaka mpya, nisamehe kuchelewa. Nilikuwa na mitihani. Kisha sikuwa na mitihani lakini niliendelea kuchelewa. Hatujambo. Huku mvua tu, theluji imebaki kwenu. Mama ni mzima. Koko ameanza kutumia fimbo lakini anasema ni ya kuwatishia mbwa.

Umeuliza kama mwili ulionyeshwa. Haukuonyeshwa. Lakini tafadhali, kanuni yako si sheria. Waandishi wengine wanaona aibu tu kuonyesha. Mtu anaweza kuwa amekufa kabisa na asionyeshwe. Usiitegemee kanuni hiyo, nakuomba.

Afadhali nikueleze kuhusu mlango, maana ndio unaoniudhi. Aliyekufa alibaki nje kwa sababu mlango wa chumba cha injini ulihitaji mtu wa kuufunga kwa nje. Eliezer! Mlango huohuo, katika msimu wa kwanza, mpishi aliufunga kwa ndani akiwa ameshika sinia! Nimerudia kuangalia. Kwa hiyo haikuwa lazima mtu yeyote afe. Nimewaandikia wenye televisheni kurasa sita pamoja na mchoro wa bawaba. Wamenijibu kwa kunitumia stika ya feri na maneno "Asante kwa kuwa shabiki!" Nimeibandika kwenye daftari la kemia. Mimi ni mtu wa kununuliwa kwa stika.

Pia fikiria juu ya hewa. Tangi la akiba lilikuwa mkono wake wa kulia muda wote. Mkono wa kulia! Mimi ambaye sijawahi kumwomba mhudumu wa maktaba kalamu, nilisimama mbele ya televisheni nikamfokea mtu mzima: "Kulia kwako!"

Habari nyingine: kanisa limepanga siku ya kumaliza matanga, Jumamosi baada ya Pasaka. Mama Rakeli anasimamia mapishi. Kwa desturi mtu wa nyumbani lazima asimame amseme marehemu, na wamenichagua mimi, kwa kuwa ndiye niliyekutwa nikilia. Mimi, Eliezer. Ninayeomba ruhusa ya kwenda chooni kwa kuandika kikaratasi. Mama ameikubali tarehe. Usiniulize kwa nini ameikubali.

Dada yako,
Nsimire

*

Cheektowaga, 14 Februari 2016

Nsimire,

Hatujambo. Mama ni mzima, Précieuse ni mzima, theluji ni nzima.

Umeandika kurasa mbili juu ya mlango na mstari mmoja juu ya shangazi.

Nitakueleza mambo ninayoyaona, uniambie kama ni mlango wa kufungwa kwa ndani au kwa nje. Koko alipiga simu wiki iliyopita akauliza nimekua kiasi gani. Nikamwambia. Akanyamaza. Koko! Anayeweza kusimulia ndizi ilivyomenywa mpaka kadi ya simu iishe. Mama naye nikimwuliza habari za Baba hakumbuki tena sufuria. Anasema "soma mwanangu" na kuingia bafuni, na maji hayasikiki.

Na wewe unaniomba nisiitegemee kanuni. Umeandika "nakuomba". Tangu lini unaniomba kwa ajili ya kipindi?

Diski imefika maktaba. Sijaichukua.

Eliezer

*

Louisville, 6 Machi 2016

Ndugu yangu Eliezer,

Nakusalimu sana. Leo salamu ni fupi, nisamehe.

Barua yako niliisoma kwenye basi nikapitiliza kituo changu, nikapitiliza na cha pili, mpaka dereva akaniuliza kama nina mahali pa kwenda. Nikasema ninapo. Nilipofika nyumbani nilifanya jambo ambalo utadhani nakudanganya: nilichukua simu ya Mama, nikampigia Koko mimi mwenyewe. Spika ilikuwa imewashwa, sijui kuizima.

"Koko, ni Nsimire."

"Nsimire gani?"

"Wako. Wa Louisville."

"Huyo haongeagi kwenye simu. Ni nani anayemwiga?"

"Ni mimi, Koko."

"Basi kuna mutu amekufa."

Mama alikuwa jikoni, akazima maji asikie. Sitakuandikia niliyoyasema baada ya hapo. Nitakwambia tu kwamba Koko aliniita mtoto, nikasema ndiyo Koko, nikarudia ombi lilelile. Akaniuliza ni lini mtoto alianza kuwafundisha wazee. Nikasema sijui Koko, nikarudia tena. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka kama mbuzi kwenye gari. Mwishowe akasema, "Donc unataka Eliezer aje." Nikasema sisi sote twende. Akasema, "Pasaka. Mwambie mama yake nitampigia mimi."

Kwa hiyo njoo Columbus. Usiniulize zaidi kwa barua, na mimi sitaandika zaidi. Chukua ile diski, uje nayo.

Nsimire

*

Cheektowaga, 16 Machi 2016

Dada Nsimire,

Salamu kutoka kwenye theluji ya mwisho, wanasema ni ya mwisho, wanasema hivyo kila mara.

Nikuambie na mimi jambo. Nilijua kuwa ni kapteni tangu siku ya pili yake. Kijana mmoja alitangaza kwenye basi la shule kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: "Kapteni Tellan kafa!" Kabla hata barua yako ya kwanza haijafika. Lakini ulikuwa unajitahidi sana kuficha, ukaweka mpaka mabano, nikaona nikuache. Nilipenda kuambiwa na wewe.

Nadhani mtu anaweza kulijua jambo na bado akawa anasubiri watu wake wamwambie. Mpaka waseme, anaendelea kutazama ndege.

Kwa hiyo lile jingine usiliandike. Tunakuja na gari la Mama. Nina diski.

Eliezer

*

Louisville, 3 Aprili 2016

Ndugu yangu Eliezer,

Natumaini mlifika salama na barabara haikuwasumbua. Hatujambo. Mama analala vizuri, hilo ni jipya. Koko anasema umemwachia soksi moja, hataki kuituma, anasema uifuate.

Nakuandikia mambo ambayo ulikuwepo lakini hukuyaona.

Sisi tulifika Columbus kabla yenu. Wakubwa walikuwa wanabishana jikoni nani aseme, aanze vipi, kwanza chakula au kwanza maombi. Mimi sikuwa na neno lolote la kuchangia, kwa hiyo nikafanya kitu pekee ninachokijua. Nilienda sebuleni nikasukuma makochi ya Koko ukutani. Yana uzito kuliko yetu. Nikatandika mkeka, nikajifunga kitenge, nikakaa. Mama alikuja mlangoni akaniangalia, kisha akavua viatu akakaa kulia, akaacha nafasi kati yetu. Wengine wakafuata. Ubishi ukaisha.

Ulipoingia ulikuwa na diski kwapani. Ulitazama makochi. Nilikuwa nimejiandaa kwa namna nyingi, nimesoma hata kitabu cha maktaba juu ya kuwafariji watu, kina michoro. Hakuna ukurasa uliosema kwamba ungevua viatu vyako vizuri, ukaviweka sambamba, ukaja kukaa kwenye ile nafasi, na kumwuliza Koko kabla yeye hajafungua mdomo: "Mwili ulionyeshwa?"

Wakubwa hawakuelewa swali. Nilidhani Koko naye hataelewa. Lakini alikujibu kama mtu aliyeulizwa swali la kawaida kabisa: "Ulionyeshwa, baba. Baba yako amezikwa Uvira. Kwaya iliimba. Picha ninayo, utaiona leo." Ukasema, "Basi." Hayo mengine unayajua, na bega langu linayajua, kwa sababu una kichwa kizito.

Diski hatukuiangalia. Uliisahau juu ya friji. Naona maktaba yenu itakutafuta mpaka huku.

Sasa habari ya jana, kumaliza matanga. Ukumbi wa kanisa ulijaa. Mchungaji akaliita jina langu. Nilikuwa nimeandika hotuba nzuri yenye aya ndefu. Nilipofika mbele karatasi ikapiga kelele kuliko mimi, nikaikunja. Nikasema, "Mjomba wangu Cikuru hakuwa askari. Alikuwa fundi wa nguo. Alinishonea sare ya shule kambini kwa pazia, na vifungo havikufanana hata kimoja. Siku ile Mama Rakeli aliponikuta, sikuwa namlilia yeye. Sikujua bado. Nilikuwa namlilia kapteni wa televisheni."

Mama alikuwa anaangalia mkoba wake. Nikatamani mlango wowote, wa kufungwa kwa ndani au kwa nje.

Mama Rakeli akasimama na mwiko wake. "Wa televisheni?"

"Ndiyo, Mama."

"Huyo kapteni alikuwa na watoto?"

"Hapana, Mama."

"Mama yake alikuwa hai?"

"Alikufa msimu wa pili."

Akafikiri. "Basi hakuwa na wa kumlilia ila wewe," akasema. "Na Cikuru je, huyo alikuwa na watoto?"

"Wawili. Eliezer na Précieuse. Wako Cheektowaga."

"Kaa chini, mutoto. Chakula hakikupotea."

Mtu akaanza kucheka, nadhani ni Mchungaji, kisha Mama yangu akacheka, akiwa bado ameushika mkoba, akacheka mpaka akalia, wakamzunguka. Vijana wa kwaya sasa wananiita Mjane wa Kapteni. Nimestahili.

Tulirudi nyumbani na mabaki ya sombe. Makochi yetu yalikuwa bado ukutani tangu Novemba. Hakuna aliyekuwa amethubutu kuyagusa. Mama akasema, "Haya." Nikakunja mkeka, nikauweka nyuma ya kabati. Nikavuta kochi kubwa, kisha dogo, mpaka miguu yake ikaingia kwenye alama zake za zamani kwenye zulia. Nikafungua mapazia. Kisha nikakaa kwenye kochi kama watu, Mama pembeni yangu na miguu yake kwenye beseni la maji ya moto, nikawasha televisheni. Walikuwa wanarudia *Feri ya Orioni*. Kapteni mpya ni mwanamke. Mama aliuliza mbona feri haina dirisha upande wa kushoto, nikakikatiza kipindi hicho, nikatafuta kile cha kwanza kabisa, nikaanza kumweleza.

Nsimire